Dereva, simamisha tuchimbe dawa

(Haya niliyaongea Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha kukopeshana, sisi madereva na wastaafu. Vijana wengi walikuwa nje wanaosha magari, wakaniomba niyaandike. Nimeandika nilivyoongea, sijapamba.)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu shikamooni, vijana habari za saa hizi. Mwenyekiti ahsante kwa nafasi. Nimepewa nusu saa niongelee afya, na najua mwenyekiti alitegemea macho au ajali maana ndo mada zetu za kila mwaka, sasa leo naomba radhi kabisa, mimi ntaongelea mkojo. Chekeni tu, chekeni mmalize kwanza. Na nyie mnaocheka sana hapo mbele nawajua, wawili kati yenu mmeshatoka nje mara mbili tangu kikao kianze, na sijasema majina.

Mimi nimeendesha basi miaka 31, na miaka 22 kati ya hiyo ni Dar Mwanza. Kwa miaka yote hiyo mimi ndo nilikuwa naamua nani akojoe na akojolee wapi. Hebu fikirieni hicho cheo. Abiria anasema dereva tuchimbe dawa, mimi naangalia saa, naangalia kioo kama kuna mwenzangu nyuma anataka kunipita, afu namwambia konda mwambie avumilie tunaingia Gairo sasa hivi, na hiyo Gairo bado kilomita arobaini. Kuna wazee walikuwa wanatembea mpaka mbele kabisa, ameshika chuma, basi linayumba, anainama sikioni kwangu anaongea kwa sauti ya chini ili wa nyuma wasisikie, kijana wangu nisaidie nimebanwa. Mimi nilikuwa nawaona wasumbufu bana, nasema moyoni si tulisimama Morogoro huyu, kwa nini hakwenda. Alikwenda. Sasa hivi najua alikwenda, alisimama pale chooni Msamvu dakika tano, watu wanagonga mlango, yakatoka matone, akarudi kwenye siti na nusu ya mkojo bado anao tumboni.

Nimejua kwa sababu na mimi yamenikuta.

Ilianza nikiwa na miaka 58, pole pole sana, yaani sio kitu cha kusema leo naumwa. Kwanza naamka usiku mara moja, nikasema ni chai ya jioni. Ikawa mara mbili, nikasema ni baridi. Mkojo ukaanza kuja kwa kusita, unasimama pale unasubiri kama unasubiri geti lifunguliwe mizani, ukija unakuja mwembamba, unakatika, unaanza tena, na ukishafunga zipu yanatoka matone mawili matatu kwenye suruali. Nikaanza kuvaa suruali nyeusi tu. Mke wangu akaniuliza mbona ile ya kaki huivai siku hizi, nikamwambia imenibana. Miaka minne nimekaa hivo, na kila nikimgusia mtu mzima mwenzangu ananijibu neno lile lile, aah huo ni uzee tu.

Sasa mimi nataka niwaambie huo uzee tu ulinifanya nini, maana daktari anaweza kukupima kila kitu akakuambia figo nzima, moyo mzima, na bado maisha yako yameshapungua nusu. Nilianza kuishi kwa ramani ya vyoo. Nikitoka nyumbani Mbezi kwenda Kariakoo najua choo cha kwanza kiko wapi, cha pili kiko wapi, kipi cha kulipia na kipi kina foleni, na kama sijui choo kiko wapi basi siendi. Kwenye daladala sikai dirishani, nakaa njiani nishuke haraka. Harusi za ukumbini nakaa meza ya nyuma karibu na mlango hata kama mimi ndo baba mkubwa wa bibi harusi, waliniita mbele mara tatu nikajifanya sisikii.

Na misiba. Hili ndo liliniuma. Nyie mnajua mtu asiyekwenda kuzika kwetu anaitwaje. Nimekosa maziko ya watu wangu wa karibu kabisa, mmoja alizikwa Lushoto, nikahesabu saa za kukaa kwenye Coaster na watu thelathini, wamama wengi, nani atasimamisha gari kila dakika arobaini kwa ajili yangu, nikatuma rambirambi kwa simu nikasema naumwa mgongo. Watu wakasema ameshakuwa mtu wa kuringa tangu amestaafu. Kuna rafiki yangu yeye ni mtu wa msikitini, aliacha swala ya jamaa kabisa, anaswali chumbani, kwa sababu tone likitoka anaona udhu umekwenda na nguo imechafuka, mpaka siku moja shekhe wa mtaani akamuuliza mbona hatukuoni, akamweleza, kumbe mlango upo siku zote, mtu ambaye mkojo haukatiki anajisafisha, anaweka kitambaa, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anaswali, na kitakachotoka baada ya hapo hana makosa nacho, swala ya faradhi inayofuata anaanza upya. Miaka miwili alikuwa amejifungia bure. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejua, na hakuna aliyejua kwa sababu hakusema.

Kwa hiyo nikaja kwenda hospitali, na sikwenda kwa hiari, hiyo ntawaambia. Lakini kabla ya hospitali nilipita duka la dawa. Yule kijana wa dukani hata hakunipima, nilipomwambia mkojo unanisumbua akasema mzee hiyo ni UTI sugu. Nikanywa vidonge siku saba. Nikarudi, akasema sugu kweli kweli, tuchome sindano. Nikachomwa tano. Nikarudi tena mara ya tatu akanibadilishia dawa ya bei mbaya zaidi. Jamani hili neno UTI sugu limetumaliza, kila kitu siku hizi ni UTI sugu, ukiumwa kiuno UTI, ukichoka UTI, na zile dawa zikinywewa ovyo ndo zinatengeneza wadudu sugu wenyewe, siku ukiupata ugonjwa wa kweli dawa haishiki. Mwanaume wa miaka sitini mkojo wake unakatika katika, cha kwanza kufikiria ni tezi dume, na ukitaka kujua kama kuna wadudu mkojo unapimwa maabara, ikibidi unaoteshwa, hauangaliwi kwa macho kaunta.

Nikisema tezi dume msishtuke, watu wanasema fulani ana tezi dume kama vile ni ugonjwa umemwingia, kila mwanaume aliyekaa hapa anayo, amezaliwa nayo. Ni kitu kidogo, ujanani ukubwa wake kama kungu dogo, kimekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Sasa umri ukienda ile tezi inakua, kwa karibu nusu ya wanaume wanaofika miaka 60 inakuwa imeshakua, na wakifika 80 na kitu ni wengi sana, karibu wote. Ikikua inaubana ule mrija kama mtu amekanyaga mpira wa kuoshea gari. Kibofu kinasukuma kwa nguvu, kinachoka, kinakuwa mkali, kikipata mkojo kidogo tu kinapiga kelele. Kukua huko kwa kawaida sio saratani. Saratani ya tezi dume ipo na ni nyingi kwa wanaume wa hapa kwetu, na inaweza kuja kimya bila dalili yoyote, ndo maana mtu akivuka 50 aongee na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, na kama baba yako au kaka yako aliugua basi anza mapema zaidi. Na kile kipimo cha kidole cha njia ya haja kubwa mnachokiogopa, nimepimwa. Kinachukua muda mfupi kuliko askari wa barabarani kukagua leseni, tuachane nacho.

Haya, nilivyofika hospitali. Nilipata mafua, mafua ya kawaida, nikameza piritoni mbili usiku, kesho yake tena mbili, asubuhi ya siku ya tatu nikaingia chooni hakuna kitu. Hata tone. Nikasubiri, nikafungua bomba nisikie maji yanavyotiririka, nikachuchumaa, nikasimama, hakuna. Kufika saa tano tumbo limejaa kama ngoma, natokwa jasho, nalia, mimi mtu mzima nalia na wajukuu wapo sebuleni. Nimeshawahi kuvunjika mguu Sekenke, narudia kusema, mguu uliovunjika ni afadhali. Wakaniwekea mpira wa mkojo, ikatoka karibu lita nzima, na yule nesi aliyeniwekea nimemwombea dua mpaka leo. Daktari akaniuliza umekunywa dawa gani siku hizi, nikasema piritoni tu za mafua, akatikisa kichwa. Mwenye tezi iliyokua, dawa za mafua na mzio za namna ile zinaweza kukifanya kibofu kishindwe kusukuma, na zile za kufungua pua zinaukaza mlango wake. Mimi nilikuwa najua piritoni inaleta usingizi tu, kwa sababu dereva ndo kitu anachoambiwa.

Nikakaa na mpira siku sita. Na hapo ndo nikapewa karatasi ambayo leo nimekuja nayo, nimeitoa kopi sitini.

Hii karatasi ina maswali nane. Saba ya kwanza yalitengenezwa na madaktari wa mkojo wa Marekani, yakatoka 1992, la nane likaongezwa, na sasa inatumika dunia nzima. Hayo saba ni ya mkojo wenyewe, kwa mwezi uliopita, mara ngapi umejisikia mkojo haujaisha, mara ngapi umerudi chooni kabla ya saa mbili kupita, mkojo unakatika, unabanwa ghafla huwezi kuzuia, unatoka bila nguvu, unajikamua, na usiku unaamka mara ngapi. Kila swali unajipa alama kuanzia 0 mpaka 5. Ukijumlisha, mpaka 7 ni kidogo, 8 mpaka 19 ni ya kati, 20 mpaka 35 ni kali. Mimi nilijirudisha nyuma nikajaza vile nilivyokuwa kabla ya kuziba, nikapata 22.

Lakini swali lililonikalisha chini ni la nane. La nane haliulizi mkojo. Linauliza hivi, kama ungeishi maisha yako yote yaliyobaki na hali hii ya mkojo kama ilivyo sasa, ungejisikiaje? Sifuri ni ningefurahi sana, sita ni ningeona ni balaa. Nikaishika ile kalamu nikawa naitazama. Miaka minne watu wote wameniambia ni uzee, zoea, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hilo, nikaona kumbe hata wataalamu wanaona hilo nalo ni kipimo, linaandikwa kwenye faili pamoja na mengine, na daktari akaniambia wazi kuna mtu ana alama 10 na maisha yameharibika kwa sababu ni mwalimu anasimama darasani, na kuna mwingine ana 18 anaishi shambani mwake peke yake na migomba yake, hana shida na mtu, basi matibabu yao hayawezi kuwa sawa. Nikaandika 4. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni kwenye benchi, akachungulia, akasema nne ya nani? Andika sita. Nikamwambia swali ni langu. Akasema na mimi nalala kitanda kipi?

Hapo sikuwa na jibu. Kumbe kila nikiamka na yeye anaamka. Miaka minne hajalala usiku mzima, presha yake ilipanda tukawa tunalaumu chumvi. Na mambo mengine ya chumbani, watu wazima mnanielewa, mtu ambaye anaogopa tone anamkwepa mwenzake, na mwenzake anadhani kuna mtu mwingine. Yeye alidhani hivo mwaka mzima. Aliniambia pale pale kwenye benchi la hospitali, watu wanapita. Tukakubaliana 5.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo penye kazi. Watu wa umri wetu hatuumwi kitu kimoja. Mimi nina tezi, nina sukari, nina presha, na goti hili la kulia la kukanyagia breki limekwisha. Kila daktari anaangalia cha kwake, lakini vikiwa ndani ya mwili mmoja vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Sukari ikipanda figo inashindwa kuizuia, inapita kwenye mkojo na inavuta maji, ndo maana wazee wa zamani walikuwa wanajua mgonjwa wa sukari kwa sisimizi kufuata alipokojoa. Kwa hiyo mkojo unakuwa mwingi, na wangu una njia nyembamba ya kupita. Presha nilipewa kidonge cha kukojoza, nikawa nakinywa saa mbili usiku kwa sababu ndo muda ninaokumbuka dawa, yaani mimi mwenyewe nilikuwa najiamsha, daktari akakihamishia asubuhi, na usiku nikapungukiwa safari moja hapo hapo bila kununua kitu. Na goti. Goti peke yake unaishi nalo, unatembea taratibu. Kubanwa ghafla peke yake unaishi nako, unakimbia. Vikikutana viwili huwezi kukimbia, na choo cha nyumba niliyokuwa nimepanga kipo uani, ngazi tatu, taa imeungua. Mzee mwenzetu mmoja, marehemu, hakufa kwa mkojo, aliteleza saa tisa usiku akienda chooni akavunjika nyonga, akalala kitandani miezi minne, akapata vidonda vya mgongo. Kwenye cheti hakuna palipoandikwa mkojo. Lakini mimi najua alikuwa anakwenda wapi usiku ule.

Wekeni ndoo chumbani, wekeni taa, sio aibu. Mjukuu anacheka, mwache acheke.

Mama zangu nisiwasahau, najua mmekaa kimya mnasema haya ya wanaume. Nyie njia yenu ya mkojo ni fupi, kama sentimita nne hivi, wadudu wanafika kibofuni upesi, kwa hiyo UTI ya kweli inawapata sana kuliko sisi. Mama ntilie wa stendi nawajua, hamnywi maji mchana kutwa kwa sababu choo ni cha kulipia na hakuna wa kukushikia sufuria, mkojo unabaki ndani saa nane, wadudu wanazaliana. Na wale ambao mkikohoa au kucheka au kunyanyua ndoo mkojo unatoka, hasa baada ya kuzaa watoto wanne watano, hiyo ina mazoezi yake, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Arnold Kegel aliyaandikia tangu 1948, unaikaza ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia, unarudia mara kumi, mara tatu kwa siku, hata ukiwa unachambua mchele hakuna atakayejua, na yanataka miezi mitatu sio siku tatu. Nesi yupo atawaelekeza vizuri, mimi nikiendelea hapo mtanipiga.

Ila kuna moja ni lazima niliseme na nimeshindwa kulisema miaka mingi. Miaka ya tisini, tumetoka Mwanza usiku, kuna binti mdogo tu, labda miaka kumi na saba, alikaa katikati na khanga mbili. Kufika Singida abiria wakaanza kulalamika harufu. Konda akaja kuniambia kuna mtu amejikojolea. Mimi nikasema mpeleke siti ya mwisho, tandika nailoni. Hivyo tu, nikaendelea kuendesha. Watu wakafungua madirisha, wakasema maneno. Manyoni tuliposimama alishuka, na tiketi yake ilikuwa ya Dar. Hakurudi kwenye basi. Nikapiga honi mara mbili, nikaondoka.

Ilikuja kupita miaka ndo nikasikia redioni wanaelezea fistula, mama anakaa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana nyama kati ya kibofu na uke mpaka zinakufa, linabaki tundu, mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana, na mara nyingi mtoto mwenyewe amekufa. Nikasimamisha gari pembeni. Inawezekana kabisa yule binti alikuwa anakwenda kutibiwa. Siku hizi Dar pale hospitali ya CCBRT wanafanya upasuaji huo bure, na tangu 2009 wakaweka utaratibu wa kutuma nauli kwa simu, mgonjwa asikwame kijijini kwa kukosa tiketi. Vijana mnaoendesha sasa, ukimwona mama kama yule kwenye gari yako usimpeleke nyuma. Mweke mbele karibu na mlango, mwambie konda asimame kila anapotaka kubadili khanga, na ukifika muulize kama anajua njia ya hospitali.

Kichocho nakigusa haraka kwa sababu wengi hapa ni watu wa mashamba ya mpunga kama mimi wa Ifakara. Utotoni tulikuwa tunakojoa damu tunashindana nani damu yake nyekundu zaidi, tunaona mchezo. Wale minyoo wanatoka kwenye konokono wa majini, wanapenya ngozi, wanakwenda kuishi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai yao ndo yanachana. Ukikiacha miaka mingi kinaharibu kibofu mpaka saratani. Dawa ipo, praziquantel, watoto wanapewa shuleni wanapimwa urefu na fimbo. Na kwa mtu mzima yeyote, damu kwenye mkojo hata mara moja, hata kama haiumi, hasa kama haiumi, usikae nayo.

Nirudi kwetu madereva nimalize. Sisi tuna ujinga wetu. Hatunywi maji ili tusisimame, mkojo unakuwa wa njano kama mafuta ya breki, mawe ya figo yanatengenezwa huko, afu tunakunywa kahawa na zile za kopo za kuongeza nguvu ambazo ndo zinakichokoza kibofu. Tunabana mpaka mwisho. Tunatembea na chupa ya lita moja na nusu chini ya siti, msinifanye nitaje. Lakini kikubwa ni usingizi. Mtu ameamka mara nne usiku, saa kumi na moja alfajiri ameshika usukani na watu hamsini nyuma yake. Tunapimwa pombe Kibaha, tunapimwa spidi Mikese, hakuna aliyewahi kuniuliza umeamka mara ngapi jana. Mimi mwaka wangu wa mwisho barabarani nilisinzia mara mbili. Mara ya pili niliamshwa na kelele za tairi kwenye changarawe, kabla ya Nzega, nikamwambia konda nilikuwa nakwepa mbuzi. Hakukuwa na mbuzi. Nikastaafu mwezi uliofuata nikasema nimechoka, na mkaniaga kwa sherehe.

Dawa nilizopewa ni mbili. Moja inalegeza misuli ya pale penye mlango, hiyo ndani ya wiki nikaona tofauti, ila ukisimama ghafla unaona kizunguzungu kwa hiyo nyie wa kwenye usukani mwambieni daktari kazi yenu, na shahawa zinaweza zisitoke nje, zinarudi kibofuni, haina madhara lakini mtu asipoambiwa anaweza kuchanganyikiwa. Nyingine inaipunguza tezi yenyewe, hiyo inataka kama miezi sita, na kuna wanaopungukiwa hamu, usiiache kimya kimya, rudi useme. Zikishindikana kuna upasuaji wa kupita njia ya mkojo bila kuchana tumbo, mimi sijafika huko. Mengine ni ya bure. Jioni naacha kunywa saa mbili tatu kabla ya kulala, mchana nakunywa kama kawaida. Miguu ikivimba naiweka juu ya stuli alasiri, maana yale maji ya miguuni ukilala ndo yanarudi kwenye damu na kuishia kibofuni. Nikimaliza kukojoa nasubiri kidogo, najaribu tena. Nimejaza ile karatasi tena mwezi uliopita, 22 imekuwa 11, usiku naamka mara moja, siku nyingine mbili. La nane tumeandika 2. Sijapona, na sina shida nalo.

Wiki tatu zilizopita nimekwenda Singida msibani, kama abiria. Tumepita Dumila kidogo nikabanwa. Nikasimama, nikashika chuma, nikaenda mpaka mbele, nikainama kwenye sikio la kijana wa watu, nikasema kijana wangu nisaidie. Yule kijana yupo hapa leo, amekaa kule kwenye benchi la mwisho, hakunitambua siku ile. Aliwasha indiketa hata sijamaliza sentensi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nesi yupo pale chini ya mwembe na mashine ya presha na kipimo cha sukari, karatasi zipo mezani na kalamu nimefunga na uzi msiondoke nazo. Wenye gari za jioni waanze wao. Na lile swali la nane usilijaze peke yako, kama umekuja na mkeo mwite kwanza.